2,147,483,647: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu huifikia namba hii kwa milango miwili. Wa kwanza ni wapenzi wa hisabati, wanaoikuta kwenye orodha ya namba tasa maarufu. Wa pili ni waandishi wa programu na watunza kumbukumbu, wanaoikuta imejazana kwenye jedwali la wateja bila wao kuiandika. Maswali ya pande zote mbili yako hapa. Ukija kwa shida ya kompyuta, ruka hadi swali la 12, ila utarudishwa juu mara moja moja.

## Mambo ya mwanzo

1. Namba hii inasomwaje?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ina tarakimu kumi. Ni witiri, na jumla ya tarakimu zake ni 46, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9.

2. Mbona inaonekana kama imeokotwa tu? Imetoka wapi?

Ni 2³¹ − 1. Zidisha mbili thelathini na moja kwa pamoja upate 2,147,483,648, kisha toa 1.

Mfumo wetu wa kumi ndio unaoificha sura yake. Ukiiandika kwa mfumo wa kompyuta, wenye 0 na 1 peke yake, inakuwa 1 thelathini na moja zilizopangwa mstari mmoja, bila sifuri hata moja. Kwa kizio cha nane ni 17777777777. Kwa kizio cha kumi na sita ni 7FFFFFFF. Karibu kila jibu linalofuata linatokana na huo mstari wa moja thelathini na moja.

3. Ni kubwa kiasi gani?

Ukihesabu namba moja kwa kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utaifikia baada ya miaka 68 na siku chache. Kumbuka hiyo 68, itarudi kwenye swali la 15.

Kwa wanaosaka namba tasa, hata hivyo, hii ni punje. Namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi ilipotangazwa Oktoba 2024 ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Yetu ina kumi. Heshima yake inatokana na zama ilizopatikana.

4. Ni tasa kweli?

Ndiyo. Hakuna kinachoigawanya bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Ukianza kuhesabu namba tasa kutoka 2, hii ni ya 105,097,565.

Jirani yake tasa wa chini ni 2,147,483,629 na wa juu ni 2,147,483,659. Haina pacha, yaani namba tasa iliyo mbali nayo kwa 2 tu: 2,147,483,645 inaishia na 5, na 2,147,483,649 ni 3 × 715,827,883. Hiyo 715,827,883 nayo ni tasa.

## Utasa wake ulithibitishwaje

5. Nani wa kwanza kuthibitisha?

Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg. Alilieleza jambo hilo katika barua yake kwa mwanahisabati mwenzake, Bernoulli, ya mwaka 1772, wakati macho yake yalikuwa yamekwisha karibu kabisa.

Kudai kuwa ni tasa kulitangulia zamani. Cataldi wa Bologna alishasema kwamba 2ⁿ − 1 ni tasa n ikiwa 23, 29, 31 na 37. Kati ya hizo nne alipatia moja tu, ya 31. Mwanahisabati Mfaransa Fermat aliziangusha 23 na 37 mwaka 1640, na baadaye Euler mwenyewe akaiangusha 29. Mwaka 1644 padri wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake ya vipeo hadi 257. Alikosea mara tano: aliingiza 67 na 257 ambazo hazimo, akasahau 61, 89 na 107. Ila 31 aliiweka, na jina lake ndilo lililobaki: namba tasa za umbo hili huitwa namba tasa za Mersenne. Yetu ni ya nane.

Jina limemwendea aliyeorodhesha kwa makosa, badala ya aliyethibitisha. Hisabati ina mengi ya namna hiyo.

6. Euler aliwezaje bila mashine?

Njia anayoijua kila mwanafunzi ni kugawanya kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee, na hadi hapo kuna namba tasa 4,792. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,792 kwa kalamu kunawezekana, lakini kosa moja likijificha katikati, kazi yote haina maana. Euler aliipunguza kazi kabla ya kuianza.

Tuseme ipo namba tasa q inayoigawanya 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q, baki ni 1. Fermat alishaonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1 nayo ina baki 1. Vipeo viwili vikitoa baki ya 1, Kigawo Kikubwa cha Shirika chao (ile KKS ya shule ya msingi) nacho hutoa baki ya 1. Sasa 31 ni tasa, kwa hiyo KKS ya 31 na q − 1 ni 1 au 31, basi. Ingekuwa 1, ingebidi 2 yenyewe ikigawanywa kwa q ibakize 1, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo ni 31, yaani 31 inaigawanya q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo hata 62 inaigawanya. Namba zote tasa ambazo hazibakizi 1 zikigawanywa kwa 62 zimekwisha kutoka mchezoni, na bado hatujagawanya chochote.

Sharti la pili ni zuri zaidi. Ikiwa 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo, kwa macho ya q, mbili ni sawa na mraba wa namba kamili. Hilo hutokea kwa namba tasa zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8, na si kwa witiri nyingine yoyote iliyo tasa. Unganisha masharti mawili: q ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63.

Hadi 46,340 kuna namba 373 tu za namna hiyo (1 yenyewe haihesabiwi), na nyingi si tasa, kwa hiyo zinafutwa. Zinazobaki hazifiki mia moja. Ya kwanza ni 311: ukigawanya, baki ni 35. Inayofuata ni 1,303: baki ni 226. Euler alikwenda hivyo hadi mwisho, na kila mara kulikuwa na baki. Kutoka 4,792 hadi chini ya mia moja: hapo ndipo penye ufundi, kugawanya kwenyewe ni jasho tu.

7. Kuna njia fupi zaidi siku hizi?

Ipo, na inazihusu namba za umbo hili peke yake. Mfaransa Lucas aliianzisha karne ya 19, Mmarekani Lehmer akainyoosha karne ya 20. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki baada ya kugawanya kwa 2ᵖ − 1. Fanya hivyo mara p − 2. Ukimaliza na 0, namba ni tasa. Ukimaliza na kingine chochote, si tasa.

Jaribu na 127, ambayo ni 2⁷ − 1, hatua tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Ni tasa. Kwa namba yetu ni hatua 29, kazi ambayo kompyuta huimaliza kabla hujainua kidole kwenye kitufe.

8. Kwa hiyo kila 2ⁿ − 1 ni tasa?

Hapana. Kwanza n lazima iwe tasa: 15 ni 3 × 5, kwa hiyo 2¹⁵ − 1 inagawanyika kwa 2³ − 1 na kwa 2⁵ − 1. Lakini n kuwa tasa hakutoshi. Mfano wa kwanza wa kuvunja moyo ni 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Na 2²³ − 1, aliyoidai Cataldi, ni 47 × 178,481.

9. Ni kweli ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa karibu miaka mia?

Ni kweli, ukihesabu zilizochapishwa. Fortuné Landry aliipita mwaka 1867 kwa 3,203,431,780,337. Ukihesabu na barua, mwisho unasogea nyuma: mwaka 1855 Thomas Clausen alimwandikia Gauss kwamba amepata vigawo vya 2⁶⁴ + 1, na kimojawapo, 67,280,421,310,721, ni tasa. Vitabu vingi hutaja 1867, kwa hiyo ukikuta tarehe mbili, sababu ndiyo hiyo.

## Tabia zake nyingine

10. Inahusianaje na namba kamilifu?

Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 = 1 + 2 + 3. Euclid alionyesha kwamba 2ᵖ − 1 ikiwa tasa, basi ukiizidisha kwa 2ᵖ⁻¹ unapata namba kamilifu. Euler akaongeza kwamba namba kamilifu zilizo shufwa hazina njia nyingine ya kuzaliwa. Kwa yetu, 2³⁰ × (2³¹ − 1) = 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane.

Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo itabaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za udadisi tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Hadi Oktoba 2024 zilikuwa zimefika 52. Barlow alijua hesabu. Watu ndio hakuwajua.

11. Nimesoma kwamba ni "Mersenne ya Mersenne". Maana yake nini?

Kipeo chake, 31, nacho ni 2⁵ − 1. Kwa hiyo ni namba tasa ya Mersenne ambayo kipeo chake ni namba tasa ya Mersenne. Zinazojulikana za namna hii ni nne tu: 7, 127, yetu, na 2¹²⁷ − 1.

Swali linalofuata huja lenyewe: tukipanda ngazi moja zaidi, tukaweka namba yetu kuwa kipeo? Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na si tasa. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Ona jinsi hoja ya swali la 6 inavyofanya kazi hata hapa: kigawo hicho ukikitoa 1 kinagawanyika kwa mara mbili ya 2,147,483,647, na jibu ni 68,745 kamili. Hatuwezi hata kuiandika namba yenyewe kwenye kitabu, lakini kigawo chake tunakijua na tunaweza kukikagua.

## Kwenye kompyuta

12. Kwa nini ndiyo kikomo cha namba kamili kwenye programu nyingi?

Nafasi ya kawaida ya namba kamili ina biti 32, yaani sehemu 32 za kuweka 0 au 1. Biti moja hutumika kutofautisha hasi na chanya, zinabaki 31. Namba kubwa inayoingia kwenye biti 31 ni ile yenye 1 kila mahali, ambayo tumeshaiona kwenye swali la 2. Ndiyo int (aina ya namba kamili) ya lugha ya Java na ndiyo INT ya hifadhidata ya MySQL.

13. Nikiongeza 1 kinatokea nini?

Inategemea lugha. Kwenye Java unapata −2,147,483,648, kimya kimya, kama mita ya gari ya zamani inayorudi sifuri, ila hii inarudi chini kabisa ya hasi. Kwenye C lugha yenyewe haikuahidi chochote, na programu inaweza kufanya kitu cha ajabu zaidi. Python haina tatizo hili, kwa sababu huongeza nafasi kadiri namba inavyokua.

Kwa fedha jihadhari. Mfumo unaotunza salio kwa senti ndani ya biti 32 unaishia shilingi 21,474,836.47. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo ni bei ya gari lililotumika.

14. Wateja wangu wengi wana namba moja ya simu: 2147483647. Nani kaiingiza?

Hakuna aliyeiingiza. Safu ya simu imetengenezwa kuwa INT. Namba ya Tanzania au Kenya ikiandikwa na msimbo wa nchi, 255 au 254, ina tarakimu 12 na inazidi kikomo zaidi ya mara mia. MySQL ya zamani, au mpya iliyolegezwa masharti, haikatai: huingiza kubwa inayoweza kuingia, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, kisha inaendelea. Kila mteja anapata namba ileile. Na data ya awali haipo tena, usihangaike kuitafuta ndani ya jedwali hilo. Itafute kwenye fomu au faili zilizotumika kuingiza.

Kuhamia BIGINT, aina ya biti 64, kunaondoa dalili tu. Hata mtu akiandika 07 badala ya 2557 na namba ikaingia, sifuri ya mbele inapotea. Namba ya simu haijumlishwi wala kugawanywa. Ihifadhi kama maandishi. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ndiyo kabisa: ina tarakimu 20 na huanza na mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo haiingii hata kwenye biti 64.

15. Ina uhusiano gani na mwaka 2038?

Mifumo ya jamii ya Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC. Ikitumia biti 32, sekunde ya mwisho ni ya 2,147,483,647, ile miaka 68 ya swali la 3. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde saba. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utajiona uko tarehe 13 Desemba 1901.

Simu na kompyuta za sasa hutumia biti 64 na hazina shida. Linux nayo, kuanzia toleo 5.6 la mwaka 2020, inaruhusu muda wa biti 64 hata kwenye mashine za biti 32. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo visivyosasishwa, mafaili ya zamani, na programu zinazohesabu mbele: mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaiona 2038 mapema.

16. Na ile habari ya ndege na siku 248?

Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zisiachwe na umeme mfululizo hadi siku 248, kwa kuwa kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kingefurika na umeme ungeweza kukatika. Ukihesabu kwa sehemu za mia za sekunde, 2³¹ yake ni siku 248.55, na hesabu inalingana vizuri mno. Wanaouliza kama hiyo 248 ni ileile ya Euler: hapana, imesadifu tu. Ya Euler ni 8 × 31.

17. Kuwa tasa na kuwa kikomo vina uhusiano?

Hapana. Kikomo cha biti 16 ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Cha biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, nayo inagawanyika kwa 7. Biti 32 zimebahatika, kwa sababu 31 ilikuwa miongoni mwa vipeo vyema.

Bahati hiyo imetumika. Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza njia rahisi ya kuzalisha namba za nasibu: zidisha namba uliyo nayo kwa 16,807, chukua baki baada ya kugawanya kwa 2,147,483,647, rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na hutarudi kwenye 1 mpaka umepita kila namba hadi 2,147,483,646. Isingekuwa tasa, mzunguko huo kamili usingewezekana. Vizidisho vyenye sifa hiyo ni 534,600,000 kamili. Kwa nywila na mambo ya siri, usitumie njia hii: anayeona namba moja anaweza kuhesabu zote zinazofuata.

18. Namba zangu zote ziko chini ya kikomo, mbona bado napata hasi?

Huenda kinachozidi ni jibu la katikati. Mraba wa 46,340 unaingia, mraba wa 46,341 ni 2,147,488,281 na hauingii (ni kipeuo kilekile cha swali la 6). Zao la 1 hadi 12 linaingia, la 1 hadi 13 haliingii. Kutafuta wastani wa namba mbili kwa kuzijumlisha kwanza nako kunafurika: tumia a + (b − a) / 2, mradi zote mbili si hasi. Kwenye JavaScript, setTimeout (amri ya kusubiri kabla ya kutenda) ikipewa milisekunde zaidi ya 2,147,483,647, kama siku 24.8, haisubiri, inafanya kazi papo hapo.

Kosa gumu kulikamata ni la abs, amri ya kuondoa alama ya hasi. Upande wa hasi una namba moja zaidi, −2,147,483,648, isiyo na mwenzake chanya. Kwenye Java, Math.abs ya namba hiyo inarudisha namba hiyohiyo, ikiwa bado hasi. Ukiitumia kuchagua nafasi kwenye orodha ya vitu n kwa abs(h) % n, yaani baki ya abs(h) ikigawanywa kwa n, programu itaenda vizuri miezi na miezi, hadi siku h itakapoangukia hapo. Kwenye Java tumia Math.floorMod(h, n).